Chungwa la Kijani

Mume wangu alikuwa na picha tatu za matunda ambazo hakuruhusu mtu azishike. Alizibandika kwenye mabati juu ya kitanda chetu kule Kianda, mtaa wa mabanda, na nguo zetu zote akazihamishia kona nyingine ili zisizifunike. Mimi nilikuwa nauza matunda ya kweli, yenye uzito na yanayooza. Nikirudi chumbani mgongo unaniuma, nakuta matunda mengine yananitazama kutoka ukutani, nasonya.

Yeye alikuwa fundi wa kuchora mabango: kinyozi, bucha, duka la dawa, hoteli za chapati na madondo, yaani maharagwe. Kila mtu alimwita fundi, nami pia, ila nikikasirika nilimwita "wewe". Picha zile alipewa na mwalimu wa sanaa aliyekuwa akifundisha vijana bure siku za Jumamosi huko Kawangware. Zilikuwa kurasa zilizochomoka kwenye kitabu kikubwa. Mwalimu aliwatajia jina la Kiingereza la picha za aina hiyo, stil laif, na mume wangu akalileta nyumbani kwa uangalifu kama mtu aliyebeba yai.

"Stil ni bado," akanieleza. "Laif ni maisha. Maisha bado."

Nikamuuliza, bado nini? Akafikiri kidogo, akasema hapo mwalimu hakufika.

Picha ya kwanza ilikuwa ya zamani mno, ya enzi za wafalme wa Ulaya. Nyuma giza tupu, mbele limau lililomenywa nusu, ganda lake linaning'inia ukingoni mwa meza. Glasi imelala ubavu. Na juu ya zabibu moja, nzi. Nilimuuliza, mwenye picha hiyo angeuza nini pale kwetu, kama nzi amemchora mwenyewe kwa hiari yake? Mume wangu akasema ndiyo maana yake: mchoraji alitaka watu wakumbuke kwamba vitu vyote vinapita. Nikamjibu najua vinapita, mimi ndiye ninayevitupa jioni.

Ya pili ilichorwa miaka mingi baada ya hiyo. Humo kulikuwa na matufaha ya rangi nzito, kitambaa kimekunjamana, na meza imeinama hadi nikawa nangoja yaporomoke. Fundi alisema mchoraji huyo hakujali meza, alijali namna jicho linavyohangaika. Ya tatu ilikuwa ya siku zetu. Chungwa moja tu kwenye sahani nyeupe, limechorwa sawasawa kama limepigwa kamera, na rangi yake kali hadi macho yanauma. Mimi niliipenda hiyo kwa sababu ilikuwa safi. Yeye hiyo ndiyo aliyoipenda kidogo kuliko zote, akisema chungwa hilo halijawahi kuning'inia mtini.

Tulibishana sana juu ya picha hizo. Alikuwa ananiuliza ni ipi iliyo ya ukweli, nami namjibu ni ile inayoweza kuuzika. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na nzi wake atembeze mwenyewe. Alikuwa anacheka. Ndoa yetu ilikuwa na kicheko kingi, nalisema hili mapema kwa sababu baadaye hakikuonekana.

Mwaka ule wa uchaguzi, kabla kampeni hazijapamba moto, alinichorea ubao wa plaiwudi wa kuweka nyuma ya kibanda changu. Alichukua matunda yangu mazuri kabisa, akayapanga kwenye kreti na kuyatazama mpaka yakalainika, tukagombana. Lakini ubao ulipokauka nilinyamaza. Kulikuwa na mkungu wa ndizi mbele, embe, papai lililopasuliwa, na kando yake machungwa matatu ya kijani. Kijani, ndiyo. Machungwa yetu ni ya kijani. La Tanga au la Makueni lina ngozi ya kijani na doa la manjano upande mmoja, na ukilikata ni tamu kuliko yale ya supamaketi yaliyopakwa sijui nini. Mwenye macho haambiwi tazama.

Shida ni kwamba katika nchi yetu matunda yalikuwa yameingia siasa. Miaka miwili nyuma, kwenye kura ya katiba, ndizi ilikuwa alama ya upande wa serikali na chungwa alama ya wapinzani. Sasa chungwa lilikuwa alama ya wagombea waliopendwa Kianda nzima. Watu wakipita wananitania: mbona ndizi umeiweka mbele, mbona machungwa yako bado mabichi, hayajaiva yaende kupiga kura? Nilicheka nao, nikawauzia. Mimi ni mtu wa Magharibi, mume wangu ni wa Kitui, na siku ya kura tulipanga foleni pamoja, tukarudi pamoja, wala hatukuulizana.

Kisha matokeo yakatangazwa, upande wa chungwa ukasema umeibiwa kura, na kila kitu kikageuka. Sitaki kueleza moshi na mayowe, wengine wamevieleza vya kutosha. Nitasema tu kwamba soko la Marikiti, nilikokuwa nanunua matunda, halikufikika, kibanda changu kikabaki na maembe machache yaliyonyauka, na nyuma yake ule ubao uliojaa matunda yasiyonyauka. Watu walikuwa na njaa, na mimi nimekaa mbele ya papai la rangi.

Asubuhi moja alikuja kijana wa mjengo, kibarua wa ujenzi, ambaye siku za amani alikuwa anakula papai kwangu kabla ya kwenda kazini.

"Sasa mathe."

"Poa."

"Hizi za mzee ni nini?" Alionyesha kwa kidole.

"Machungwa."

"Zi. Hizo ni ndimu. Na hii banana iko mbele ni ya nini?"

"Ya kula."

Hakucheka. Alitazama kushoto na kulia kwanza. "Mathe, mimi nakushow tu juu ya vile umenilisha. Ambia mzee achore orange ya ukweli. Watu wanabonga, maneno ni mengi."

Niliingia ndani, nikamwambia mume wangu. Akasema ya ukweli ni hiyo hiyo. Akaanza kunieleza habari ya ganda la limau katika picha ya kwanza, jinsi mchoraji alivyokaa nalo mpaka akaliona, na kwamba mtu akishaona hawezi kujifanya hajaona. Nikamwambia, "Wewe, unataka kufa kwa sababu ya rangi?" Nilipiga kelele mpaka majirani wakanyamaza. Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu katika nchi ile: mimi na yeye tubaki pamoja, tukiwa hai. Picha ya ukweli angemchorea Mungu baadaye.

Alichukua rangi ya chungwa iliyobaki kwenye kazi ya kibanda cha simu, akayapaka machungwa yote matatu bila kuyatazama. Ndizi akaifunika kwa kuchora jani kubwa juu yake. Machungwa yaling'aa kama lile la picha ya tatu. Nilipomwambia yamependeza, alisema hiyo sasa si picha, ni bango. Sijutii, na ningemlazimisha tena.

Kwa siku kadhaa tukapumua. Vijana wakipita wanainua dole gumba. Halafu redio ikatangaza kwamba mtu wa Ukambani, kwao mume wangu, aliyekuwa wa tatu kwenye kura, ameingia serikalini na kupewa cheo kikubwa. Mume wangu hakuwahi kumwona mtu huyo ila kwenye gazeti. Hata hivyo kesho yake salamu zilikuwa zimebadilika. Mwenye duka la jirani hakuinua kichwa. Na yule kijana wa mjengo akarudi, safari hii na wenzake, kwa adabu iliyonitisha kuliko matusi.

"Mathe, wewe ni wetu. Wewe kaa. Mzee ndio ajipange."

"Si amechora chungwa? Mliliona."

"Tuliona. Alikuwa anajificha nyuma yake."

Mpaka leo sijaelewa. Kama angeliacha la kijani, angekuwa adui. Amelipaka, ni adui mjanja. Nilikaa kitandani, nikajikuta namuuliza yule mtu niliyelala naye miaka yote, "Kwani wewe ulimpigia nani?" Akaniuliza, "Na wewe?" Tulitazamana kama watu waliokutana kwenye foleni ya maji. Nililia, si kwa kuogopa, bali kwa sababu swali lile lilikuwa limetoka kwangu.

Nikafunga nguo kwenye leso. Kuambiwa nikae peke yangu kulinikasirisha kiasi kwamba hofu ilikaa kando. Tulikuwa tunaenda Kawangware, karibu na kituo cha matatu kinachoitwa 46, ambako dada yake alikuwa amepanga chumba. Picha zake tatu alijaribu kuzibandua, lakini alikuwa amezigandisha kwa uji wa unga na zikachanika vipande vipande, akaziacha. Ubao akaubeba kichwani, maana nilisema huko tuendako nitauza, na kibanda bila ubao ni nini? Ni mimi niliyesema hivyo. Ningesema nini kingine, na vyote vingine vilikuwa vinabaki?

Tulitoka mchana, tukavuka Ngong Road, tukashika Naivasha Road. Kabla ya kufika 46 kulikuwa na vijana wamepanga mawe barabarani. Hawa hawakuwa wa chungwa. Walikuwa wa upande ule mwingine, wa serikali, na wao wakataka vitambulisho. Cha mume wangu wakakisoma haraka: Kitui. "Sawa mzee, pita." Changu aliyekishika alikigeuza mbele na nyuma, akarudi kwenye jina, akalisoma kwa sauti. Ndipo nikaelewa kwamba hatari tuliyotoka nayo Kianda ikiwa yake, barabarani ilikuwa imehama, ikawa yangu.

"Na huyu?"

"Ni bibi yangu," akasema mume wangu.

Mwingine alikuwa amezunguka nyuma, ameuona ubao. "Na hii chungwa mnapelekea nani?"

Mume wangu aliushusha ubao polepole, akauegemeza kwenye goti, akaniomba kisu changu cha kupasulia papai. Nilidhani amerukwa na akili, kutoa kisu mbele ya watu wale. Akaanza kukwangua chungwa moja. Ile rangi ya kibanda cha simu ilibanduka kwa magamba, na chini yake kijani kikatokea.

"Si chungwa," akasema. "Ni ndimu. Mimi ndiye fundi, nilikosea rangi. Ona chini."

Yule kijana akainama, akagusa kwa kidole. Akacheka. "Kumbe ni ndimu." Wengine nao wakacheka, wakamwambia fundi wa bure kabisa, hata ndimu hajui. Kitambulisho changu kikarudi mkononi mwangu. Tukapita.

Tulitembea bila kugeuka nyuma. Nilimtazama kando, machozi yanamtoka chini ya ubao na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa juu. Nilitaka kumshukuru, na nilitaka kumpa pole, na sikujua ni kipi kitangulie, nikazidi kutembea. Wifi yangu alipotufungulia mlango alitazama ule ubao, akasema watu wote wanakimbia na magodoro, ninyi mmekimbia na salad. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Tuliishi kwake tumebanana mpaka wakubwa wakasalimiana mbele ya kamera na kutia saini zao. Magari ya Marikiti yakaanza kufika. Nikapata nafasi pembeni mwa barabara, nikapanga maembe, ndizi, na kilima kidogo cha machungwa kutoka Makueni. Wateja walirudi kwa urahisi ulionishangaza. Walibonyeza, wakanusa, wakalalamika ni ghali, kama kwamba hakuna kilichotokea. Wapo waliotokea pande zote mbili, wakanunua kutoka kwenye kilima kimoja.

Siku hiyo mume wangu aliamua kuutengeneza ubao. Lile chungwa lililokwanguliwa lilikuwa na sehemu ya rangi ya chungwa, sehemu ya kijani, na mahali kisu kilipozidi, mbao tupu. Akaomba nimpe chungwa moja. Nikamchagulia zuri, akaliweka kwenye kreti mbele yake, akakaa. Alichanganya kijani, akaweka kidogo ubaoni, akafuta kwa kitambaa. Akachanganya ile rangi nyingine, akaweka, akafuta. Alilitazama tunda lile kwa muda mrefu, na mimi nilikuwa namjua anapotazama, macho yake yanatulia. Siku hiyo hayakutulia.

"Unangoja liive?" nikamtania.

Hakucheka. "Mama," akasema, "hebu nisaidie. Wewe unaliona la rangi gani?"

Lilikuwa pale, hatua moja kutoka kwangu, juani. Nimeuza tunda hilo ujana wangu wote na jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini kabla ya kufungua mdomo niligeuka kwanza, nikatazama ni nani amesimama karibu.