Mwiba wa Kwao Mama

Mama ni mtu wa milimani, juu ya jiji la Mbeya, na ameolewa Iringa. Alipoanza kuomba apelekwe kwao akasalimie, baba hakukataa. Baba ni mwalimu mstaafu, na mwalimu hakatai, anaahirisha. Mara magoti ya mama hayataweza mlima, mara barabara imeharibika kwa mvua. Sisi watoto tulijua sababu yenyewe. Safari ya mwisho mama aliaga kwamba anakwenda mara moja, akakaa hadi mahindi yakavunwa, na baba akabaki anakula ugali wenye madonge aliousonga mwenyewe. Alikuwa anaogopa kwamba safari hii mama hatarudi.

Siku moja akaenda Mbeya peke yake kwa mambo ya wastaafu, akarudi na shina la mwiba amelizungushia gunia bichi. Ni ule mwiba wa porini unaotoa maua meupe, halafu vitunda vyekundu vinavyoiva vikawa vyeusi. Mama alivichuma utotoni akitoka kuokota kuni, mpaka midomo inageuka rangi. Kwenye basi, mwanamke mmoja aliyepanda na kiroba cha mchele kwenye njia panda ya Rujewa alichomwa pajani, akamsema baba hadi Makambako. Baba aliisimulia safari hiyo kama mtu aliyetoka vitani.

"Kwenu si ndiyo huku sasa," alimwambia mama. "Ukizaa, tutapeleka ndoo moja tukawaonyeshe ndugu zako."

Mama akaishika ahadi hiyo kwa mikono miwili. Baba naye akaukatakata mwiba wake, akaupanda kando ya njia kwa mstari ulionyooshwa kwa kamba, akautilia samadi, ukashika vizuri. Ila kila Desemba, kabla hatujafika kwa Krismasi, aliufyeka ukabaki wa kimo cha kiuno, umenyooka kama wanafunzi kwenye paredi. Sasa mwiba huu una tabia yake: tawi lililoota mwaka huu huchanua mwaka unaofuata. Ukilikata, unaanza upya. Kwa hiyo tulikuwa na uzio mzuri kuliko wote mtaani, na tunda hatukuwahi kuliona.

"Mwalimu, huu kwetu haukatwi," mama alimwambia.

"Kwenu ni porini, mama. Hapa wanapita watu."

Kisha akalaumu udongo. Hadi leo sijui kama hakuelewa, au alielewa vizuri mno.

Desemba moja baba akateleza kwenye ngazi za kanisa zilizolowa mvua, akavunjika mkono, akafungwa hogo la plasta. Nilipofika kwa sikukuu akaniagiza nifyeke badala yake. Panga halikuonekana. Mama alikuwa amelificha chini ya godoro, analilalia, na uso wake ulikuwa mpole kama ametoka kwenye meza ya Bwana. Mwiba ukaota hovyo, ukashika vitenge vya wapita njia, baba akawa anaona aibu kwa majirani. Hogo lilipofunguliwa maua yalikuwa yameshatoka, na hata yeye hakuwa na moyo wa kukata maua mbele ya mama.

Nilikuwepo nyumbani asubuhi mama alipoingia sebuleni na ndoo ndogo, kajifunga kitenge kipya, viatu vya safari miguuni. Akaiweka kando ya chai ya baba.

"Umezaa, Mwalimu."

Baba akachukua tunda moja, akalitafuna taratibu kuliko ilivyohitajika. "Bado machachu haya."

"Yataivia njiani."

Baba akaniangalia nimwokoe. Nilimpenda sana wakati ule, na sikumwokoa. Akakizungusha kikombe mezani, halafu akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Utarudi lini?"

Mama alikuwa anafunika ndoo. "Kwani wewe unabaki?"