Plagi Niliyoikata

Mama yangu aliimba peku. Kwaya yao nzima ilikuwa hivyo: siku ya sherehe sakafu ya kanisa inadekiwa alfajiri, na wakati wa kupeleka vipaji altareni akina mama wanavua viatu, wanacheza juu ya saruji ambayo bado ina maji. Mama ndiye aliyeshika maiki.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mitumba ya kila aina imejaa Songea, na kwaya ikapata amplifaya. Shida ilikuwa jirani, mchomeleaji wa mageti, ambaye soko huria lilimfutia hata Jumapili. Akigusisha chuma tu, spika zinakwaruza. Mwalimu wa kwaya akaniletea amplifaya kibandani kwangu, kwa kuwa nilikuwa fundi redio, tena mwanamke, jambo ambalo wengi hawakulimeza.

Nikamwambia dawa ni kapasita za usalama za kuchuja makwaruzo ya umeme, nami sina, niagize Dar. Ya kukaa kati ya nyaya mbili za umeme huandikwa X. Ya kutoka waya wa umeme kwenda kwenye bodi la chuma huandikwa Y, na imetengenezwa ili ikifa, ife peke yake, isipitishe umeme kwenye bodi.

Akalitazama kopo langu la kapasita za redio mbovu. "Umejaza kopo zima, binti, unasema huna?"

Akaibeba amplifaya yake kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Asubuhi ya sherehe niliwahi kanisani, nikaifungua. Kapasita ya redio iliyokufa ilikuwa imelehemiwa kutoka kwenye umeme hadi kwenye bodi. Plagi ilikuwa ya pini mbili, waya wa ethi, wa kupeleka umeme ardhini, ulishakatwa zamani. Mwalimu akaingia.

"Shikamoo, mwalimu. Hii isiwashwe."

"Marahaba. Imeandikwa volti mia nne. Umeme wetu haufiki hata mia tatu. Hesabu hiyo inakushinda?"

"Mia nne hiyo ni ya umeme kama wa betri, si huu wa ukutani unaoruka kila jenereta ya mji ikishtuka. Kapasita hii ikipiga shoti, bodi lote ni umeme, na chuma cha maiki kimeungana na bodi. Mama yuko peku kwenye maji."

"Wageni wameshafika. Kwani kanisa ni lako?"

Kanisa halikuwa langu. Mama alikuwa wangu. Nikaichomoa plagi ukutani, nikaikata kwa koleo mbele yake, nikaifunga kwenye pindo la kitenge changu. Akaniita mtoto asiye na adabu. Nikaenda kukaa benchi la mbele.

Waliimba bila maiki. Waliokaa nyuma hawakusikia kitu, na mchomeleaji hakupumzika. Jioni Mama alinipakulia ugali bila kunitazama. "Umetuvua nguo mbele za watu," alisema. Nilimjibu kwamba hata kesho nitakata, nikala nikamaliza.

Kapasita za Dar zilipofika nilizifunga, nikarudisha na waya wa ethi. Hakuna aliyenishukuru, wala sikungoja shukrani.

Mwalimu yule amezeeka, na bado tukikutana ananiambia kapasita ile haikupasuka kamwe. Haikupasuka kwa sababu haikuwashwa, namwambia. Kama anabisha, aende nyumbani Ruhuwiko akamwulize Mama. Atamkuta uani anafua, peku, anaimba.