Mtungi wa Ruguru

Watu wa soko la Nkubu walimjua Karwirwa kabla hajaanza shule. Mama yake aliuza ndizi, na mtoto alikaa chini ya meza akifinyanga matope ya mfereji: ng'ombe, kuku, hata padre mmoja na miwani yake. Wanunuzi waliinama kutazama, wakacheka, wakasema mtoto huyu amepewa mkono. Akakua akiamini kwamba mkono ni mmoja tu, na kwamba Mungu alipoutoa hakubakisha mwingine.

Imani hiyo aliibeba hadi chuo cha sanaa mjini Embu, ambako alisomea ufinyanzi, na kwa muda mrefu hakuna aliyeipinga. Kisha akaja Ruguru.

Ruguru alitoka Kanja. Alikuwa msichana mpole, mwenye viganja vipana kama vya mtu aliyezaliwa na jembe, na alichelewa katika kila kitu. Kuchora hakujua sana. Lakini udongo ulipofika mikononi mwake ulitulia, kama mtoto anayelia akipokewa na mamake. Karwirwa aliliona hilo siku ya kwanza. Wengine walichukua mwaka mzima kuliona, na mwaka huo wote alikaa na siri ile peke yake.

Kwa kazi ya mwisho, kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza chombo kimoja kinachokumbuka nyumbani. Mmoja wao angechaguliwa kwenda Timau, kwa mfinyanzi anayetengeneza vyungu vya mashamba ya maua, akae naye mwaka mzima akijifunza na kulipwa. Karwirwa aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu. Alifinyanga chombo kirefu, chembamba, chenye mistari ya jani la mgomba iliyochongwa kwa sindano. Mwalimu Kailemia alikitazama akasema, "Safi. Kazi safi sana."

Akaenda kwa Ruguru. Pale palikuwa na mtungi mkubwa usio na pambo lolote. Uliinama mbele kidogo, kama mama anayepanda mlima na kuni mgongoni, mkanda umemkaza kichwani. Mwalimu aliuzunguka polepole, akauzunguka tena. Hakusema neno. Karwirwa angetoa sifa zote alizowahi kupewa apate kimya kile.

Mtungi ule ulikuwa na shida moja. Wa kwanza ulipasuka ukiwa mbichi, huu Ruguru aliujenga upya kwa haraka, na ilikuwa Julai, mwezi wa ukungu na rasharasha, nguo zenyewe hazikauki. Tanuri lingewashwa mara moja tu kabla ya maonyesho. Chombo kibichi kikiingia motoni, maji yaliyojificha ndani hugeuka mvuke na kukipasua vipande vipande.

Kwa hiyo darasa lilikuwa na desturi yake. Anayepanga tanuri ndiye anayepima. Huweka shavu kwenye kila chombo: kikiwa vuguvugu kimekauka, kikiwa baridi bado kina maji. Mwenye chombo hapimi chake, maana shavu la mwenyewe husikia linachotaka. Mpangaji alikuwa Karwirwa, na neno lake halikubishiwa.

"Karwirwa wa mama, niambie ukweli," Ruguru alisema. "Umekauka?"

Karwirwa aliweka shavu. Mtungi ulikuwa baridi kama pua ya mbwa.

"Umekauka," alisema.

"Haki? Nililala nikiuwaza."

"Nimesema umekauka. Nipishe nipange."

Mtungi ulikuwa mkubwa, haukuenea popote ila mbele, karibu na mdomo wa moto. Kando yake ndipo chombo cha Karwirwa kilipokuwa kimewekwa tangu mwanzo, mahali pazuri penye joto la kutosha. Alikitoa, akakipeleka nyuma kabisa, kwenye kona ya juu, vipande visije vikakifikia.

Vincent, mwenzao aliyekuwa akipasua kuni, alimwona. "Hicho kimegombana na jirani?"

"Shughulika na shoka lako."

"Aki nauliza tu. Naona kimehama na vyombo vyake vyote."

Wakaziba mlango kwa matofali na tope, Karwirwa akawasha. Mpango ulikuwa moto mdogo kwa muda mfupi, kisha kuni nene. Ruguru akaja na githeri kwenye kibakuli, akaketi kando yake juu ya gogo.

"Kula, dada. Ukienda Timau usinisahau. Huko ni baridi, nitakufumia kofia."

"Nani amesema ni mimi?"

"Si kila mtu anajua?"

Alisema bila hila, na hilo ndilo lililomchoma Karwirwa. Hata wivu Ruguru hakuwa nao. Angalau angekuwa nao, wangekuwa sawa kwa kitu kimoja. Alitazama kwenye tundu la tanuri, akauona mtungi umeinama gizani na mzigo wake usioonekana. Hakuweza kuvumilia kuuona. Akajaribu kuwaza dunia ambayo mtungi ule haupo, akakuta hiyo nayo haivumiliki.

Vincent alipoleta kuni nene, alizikataa.

"Lete magunzi."

"Magunzi? Unachoma vyungu ama unachemsha chai?"

"Lete magunzi, Vincent."

Akauwekea moto gunzi moja moja, kutwa nzima, moshi ukimtoa machozi, akiyabembeleza maji yatoke mtungini taratibu. Wenzake walimcheka, wakachoka kucheka, wakaenda. Jua lilipokuwa linashuka ndipo alipoweka kuni nene, na hazikutosha sana.

Tanuri lilipopoa wakalifungua. Mtungi ulikuwa mzima. Tena ubavuni mwake moshi wa magunzi ulikuwa umeacha wingu jeusi, likipanda kutoka kitakoni hadi begani na kufifia kwenye wekundu, kama ukungu unavyopanda mlimani asubuhi. Mwalimu Kailemia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ruguru, hili wingu umelipataje?"

"Hata sijui, Mwalimu. Mwenye moto ni Karwirwa."

Mwalimu alikuwa ameshika chombo cha jani la mgomba. Alikigonga kwa kidole, kikatoa sauti butu. Moto haukukifikia kule nyuma. "Na hiki nani alikiweka konani?"

"Mimi."

"Wewe?" Akaugeukia mtungi. "Na moto, uliufanyaje ukatoa wingu kama lile?"

Hapo Karwirwa angeweza kulidai wingu lile kuwa kazi yake. Lakini kueleza moto wa magunzi ni kueleza kwa nini ulihitajika, na kueleza hilo ni kulirudia lile neno alilomwambia Ruguru.

"Kuni zilikuwa mbichi," alisema.

Siku ya maonyesho jina la Ruguru lilisomwa kwa ajili ya Timau. Alilia, akamkumbatia Karwirwa mbele ya wote. Kisha wageni wakajaa kuuzunguka mtungi, wakipiga picha ubavu ule wenye wingu, wakinyoosha vidole kulipapasa. Karwirwa alikuwa amesimama karibu. Alipenya katikati yao, akasimama mbele ya mtungi.

"Msiguse," aliwaambia, kwa sauti ya mwenye mali.

Mama mmoja mwenye kitambaa cha bluu akamuuliza kama ni yeye aliyeutengeneza. Karwirwa aliweka mikono nyuma. Alibaki pale mpaka Ruguru alipoitwa kuja kupigwa picha, naye akaombwa asogee kando.