Gari la Sinema na Watani wa Geita

Niliondoka Shinyanga kwa sababu mbili, moja ya serikali na nyingine ya mama yangu. Ya serikali ilikuwa kazi. Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa mfasiri wa gari la sinema, yule anayesimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti mkononi, akiwaeleza watu wanachokiona. Tulikuwa tumetumwa mgodi wa dhahabu wa Geita kuonyesha picha ya kuchekesha. Sababu ya mama ilienea ndani ya kikapu kimoja: karanga na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha tunavyovipenda Wasukuma, nimpelekee dada yangu Kabula.

Ulikuwa mwaka wa sita tangu Kabula aolewe na Salumu, fundi seremala wa mgodini, Mzaramo wa Kisarawe na Mwislamu. Baba yetu alikuwa katekista. Siku alipopata habari ya ndoa ile alisema mlango wake umefungwa, na tangu hapo jina la Kabula halikutajwa nyumbani kwetu Ngokolo yeye akiwepo. Mjukuu alizaliwa, akaota meno, akaanza kukimbia, nasi habari zake tulizipata kwa watu wa malori. Baba aliponiaga alinionya nilale kambini na wenzangu, nisivuke kizingiti cha mtu yule. Mama alinisindikiza hadi njia panda, akanipa kikapu. "Nenda ukamtazame mwanangu," alisema. "Ukirudi usinieleze mbele ya baba yako."

Alfajiri ya siku ya kwanza tulitoka watu watatu. Usukani ulishikwa na Athumani, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa maneno machache na tumbaku nyingi. Kando yake alikaa mkubwa wetu, Mzungu tuliyemwita Bwana Filimbi kwa sababu alipiga mbinja njia nzima, wimbo uleule, mpaka ukatamani gari liharibike. Mimi nilikaa nyuma na mashine ya umeme, makopo ya filamu na kikapu cha mama. Nilikuwa kijana wa suruali iliyopigwa pasi, na nilijiona mtu mkubwa sana. Siku hizi nikikumbuka majivuno yale nacheka peke yangu, na nayatamani.

Karibu na Kahama, saa nane mchana, tulisimama kijijini kuomba maji ya rejeta. Kabla hatujashuka tuliona vumbi upande wa pili: watu walikuwa wanaswaga ng'ombe kuwaingiza porini. Mzee mmoja alibaki. Nikamsalimu, "Mwadila, baba," akaitika, kisha akaniuliza kwa upole kama safari hii tumekuja kuhesabu au kuwatia ng'ombe joshoni. Nilimwambia tumebeba vichekesho tu. Akalitazama gari la serikali toka taa hadi matairi, akasema vichekesho vya namna hiyo wameshaviona. Wakati ule ndivyo ilivyokuwa. Watu walikuwa wameamriwa kupunguza mifugo na kulipia dawa ya josho, na aliyekataa alipelekwa barazani kushtakiwa.

Siku ya pili, njia ya Bulyanhulu, gari lilizama mchangani. Wakati huo pale palikuwa msitu na ndorobo tu, hakuna aliyejua kuwa chini yake kuna dhahabu. Tukangoja Wasumbwa waliokwenda kurina asali watusaidie kusukuma, na katika kungoja nikaitoa karatasi ya maelezo ya ile picha, nisome kwa mara ya kwanza. Picha ilihusu mlafi mmoja aliyevaa kanzu na kofia. Anazunguka kwenye karamu za watu, anaiba paja la nyama, anakataa kuogesha ng'ombe wake, mwishoni anakimbizwa na kijana mwerevu wa misheni mpaka anatumbukia joshoni yeye mwenyewe. Karatasi ilitaka niseme: "Tazameni mtu huyu wa kanzu alivyo mjinga."

Nilimsomea Athumani, maana naye alikuwa mtu wa kanzu siku za Ijumaa. Alitema tumbaku, akasema, "Kasome hivyo Geita, mdogo wangu, ukimaliza utakuta nimeshawasha gari."

Nilidhani ananitania. Jioni tulipofika Geita niliona hakutania. Mgodini king'ora kililia, wachimbaji wakapanda juu wakiwa weupe kwa vumbi la mawe, Msukuma, Mha, Mzaramo, Mnyakyusa, wote rangi moja. Lakini walipokwisha kunawa waligawanyika. Kambini palikuwa na bucha mbili zinazotazamana, kila moja na mlinzi wake mwenye rungu.

Bwana Filimbi alikwenda kulala kwa wenzake mlimani. Mimi nilibeba kikapu, nikavunja amri ya baba kabla jua halijazama. Kabula alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Alinitazama, akauweka ungo chini taratibu, akalia bila sauti. Binti mdogo akachungulia nyuma yake, ana paji la uso la baba yangu hasa. Aliitwa Mwanaidi. Nilimpa michembe akaitafuna kama aliyezaliwa Ngokolo.

Salumu alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono yenye makovu ya randa. Baada ya chakula nilimuuliza habari ya bucha mbili. Akanieleza kwamba tangu zamani mchinjaji kambini alikuwa mmoja, mzee wa Kiislamu, ili kila mtu aweze kula. Mwaka ule baadhi ya Wakristo walisema nao wachinje yao. Ng'ombe wa kwanza akachinjwa, mawe yakarushwa, mtu akapasuka kichwa. "Na kabla ya hapo," alisema, "sote tulikaa mkutano mmoja wa chama cha wafanyakazi, tukidai taa na viatu vya mgodini. Mkutano ulipopigwa marufuku hatukutawanyika. Tumetawanywa na nyama."

Nikamtolea karatasi yangu. Aliisoma mara mbili. Kabula alimuuliza imesema nini, naye akaikunja akanirudishia. Nilijua picha ile ikionyeshwa kama ilivyoandikwa, mawe yatarushwa tena, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeyachokoza kwa kinywa changu. Shemeji yangu angekuwa upande mmoja wa mawe hayo. Habari ingefika Ngokolo kabla yangu, na baba angekuwa na sababu ya kufunga mlango wake maisha yake yote. Nilimwomba Bwana Filimbi asubuhi yake tuonyeshe picha nyingine. Akasema hiyo ndiyo iliyoagizwa, na kwamba yeye Kiswahili anakisikia, hivyo nisithubutu kuruka neno.

Siku ya tatu, baada ya sala ya magharibi, uwanja ulijaa. Waislamu walikaa kushoto, Wakristo kulia, katikati wakaacha uchochoro ambao hata mbwa hakupita. Mashine ikanguruma. Mlafi akatokea kwenye kitambaa, kanzu inampwaya, akinusa hewa kutafuta karamu. Kulia wakaanza kucheka. Kushoto kimya. Nilimwona Salumu safu ya mbele, amemshika Mwanaidi magotini.

Karatasi sikuisoma. Nikasema, "Ndugu zangu, huyu mnamjua? Huyu ni mjomba wangu, Msukuma wa Shinyanga. Amesikia kwa watani zake Wazaramo kuna pilau, na kwa kuwa hakualikwa ameazima kanzu."

Halafu upande wa kushoto mtu mmoja akacheka kwa sauti nzito, wa pili akamfuata. Nami nikaendelea. Alipoiba paja la nyama nikasema ndivyo tulivyo kwetu, ng'ombe mia zizini, nyama tunaitafuta kwa jirani. Kijana mwerevu aliyemkimbiza nikamfanya mtani wa Kizaramo anayedai kanzu yake. Sasa Wasukuma wa upande wa kulia wakaanza kujibu matusi ya utani, kwamba Mzaramo hana ng'ombe ila nazi, na Wazaramo wakawarudishia kuwa Msukuma hajui nazi huvunjwa wapi. Mjomba wangu alipotumbukia joshoni na kutoka mweupe pe, uchochoro wa katikati haukuonekana tena. Watu walikuwa wameangukiana kwa kicheko, na kutoka nyuma mtu akapaza sauti kwamba afadhali josho limwogeshe Msukuma kuliko ng'ombe. Hapo Bwana Filimbi, aliyekuwa anakisikia Kiswahili kweli, akazima mashine.

Hakuwahi kunifikia. Wazaramo sita walinijia kando ya kitambaa na kamba ya katani, Salumu mbele yao. Walinifunga mikono, wakatangaza kwamba Msukuma amevaa kanzu yao bila ruhusa, na kwa sheria ya utani amekamatwa mpaka akombolewe. Umati ukashangilia. Nilimpigia kelele shemeji kwamba kamba inabana, akaikaza. Bwana Filimbi alidhani ni ghasia, akarukia garini. Athumani alijua ni utani, naye alikuwa na machozi ya kicheko. Kabla hajaondoa gari, Salumu alimwendea dirishani akamnong'oneza jambo.

Asubuhi Mzungu alirudi kunidai. Wazaramo walimwambia kwa adabu kuwa mfungwa hatoki bila fidia, na fidia ni jogoo mmoja mwekundu, aletwe na baba mzazi kwa mkono wake. Akaniuliza kama naondoka au nabaki. Nikainua mikono yangu iliyofungwa. Akaniachisha kazi palepale, wakaenda zao, na mbinja yake nikaisikia mpaka mteremkoni.

Nilipofunguliwa nikapewa chai, nilimgeukia Salumu kwa hasira. Nilimwambia amenipotezea kazi kwa mzaha, na kwamba baba yangu hawezi kuja Geita hata kwa jeneza langu. Aliniacha nimalize.

"Babu yako alikuwa mpagazi," akasema. "Alifia kwetu Kisarawe, mbali na nduguze. Waliomwosha na kumzika ni watani zake. Kabula amenieleza kwamba baba yenu huisimulia habari hiyo kila Pasaka. Mtu wa namna hiyo akiitwa na mtani, atakuja, na ujumbe nimeshampa Athumani. Akiitwa na mkwe asiyemtaka, hatakuja."

Nilikaa pale siku saba, mfungwa wa kula pilau na kubeba mtoto. Bucha mbili zilibaki mbili, sitaki kudanganya. Ila walinzi waliweka marungu chini wakawa wanacheza bao katikati ya njia, na kila nilipopita waliniuliza habari za mjomba.

Siku ya nane, saa nne asubuhi, basi lilisimama barabarani akashuka baba. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili, kwapani ana jogoo mwekundu, mkono wa pili mkongojo. Alitembea kati ya nyumba za kambi bila kuuliza njia, maana watu walikuwa wanamfuata na kumwonyesha. Kabula alimwona kwa dirisha akaingia chumbani, akafunga mlango. Mimi nilisimama uani.

Baba alinipita. Alimtazama Salumu. "Nani amemfunga mwanangu?"

"Mimi, mzee. Shikamoo. Mtani wako."

"Marahaba." Akamkabidhi jogoo. Watu wakapiga vigelegele, lakini Salumu hakucheka. Alikuwa amechutama chini, macho ardhini, kama mkwe anavyopaswa kukaa mbele ya baba wa mkewe. Baba aliliona hilo. Akajifuta jasho la shingoni kwa kiganja.

"Wa kiume nimemkomboa," akasema mwishowe. "Wa kike mnamtakia nini?"

"Yule hatukumfunga, mzee," Salumu akajibu. "Mlango wake uliufunga wewe."

Sikuwa nimewahi kumwona mtu akiongea na baba yangu hivyo. Nilingoja mkongojo unyanyuke. Baba alivua kofia, akasogea hadi mlango wa chumba, akaita, "Kabula, ng'wanone." Mtoto wangu, ndivyo tunavyosema kwetu. Mlango ukafunguliwa. Nilitoka nje kwa sababu kuna mambo ambayo hata mfasiri hana haki ya kuyatazama.

Mchana ule baba alimwambia Salumu amchinje yule jogoo, akala. Usiku, nasikia, alisali rozari ndefu kuliko kawaida.

Safari ya kurudi mimi, baba, Kabula na mtoto tulipanda basi la Mwanza, tukavuka ziwa kwa kivuko, tukashika njia ya Shinyanga kwa siku mbili. Mwanaidi alilala magotini kwa babu yake mpaka miguu ikamfa ganzi, naye akakataa kumsogeza. Salumu alibaki kazini, ila alisema atakuja Ngokolo mwenyewe mavuno yakiisha, na alikuja. Njiani baba aliniuliza jambo moja tu: kwa nini nilimsingizia mjomba. Nikamwambia mtu akiwa na kipaza sauti mkononi, wa kwanza kuchekwa awe wa nyumbani kwake. Baada ya vijiji viwili nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua anacheka.

Sikurudi kwenye gari la sinema. Nilikuwa karani wa pamba maisha yangu yote, na mpaka leo nikisikia mtu anapiga mbinja nanusa petroli na vumbi la njia ya Bulyanhulu. Vichekesho nimeviona vingi tangu hapo, na nilichojifunza Geita hakijaniacha: kabla sijacheka natazama kwanza nani amekaa karibu yangu, na yeye anacheka au la.

Tulifika Ngokolo jua limeelekea magharibi. Mama alikuwa jikoni, amepakua ugali wa mtu mmoja, hakutazamia mtu. Baba alisimama mlangoni na mtoto begani. Akasema, "Mama Kabula, ongeza maji kwenye chungu." Ilikuwa miaka sita hajamwita mama kwa jina hilo.