Kizibao cha Binti Mfalme

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mkasi, chaki na onyo. Duka lilikuwa Kagio, nyuma ya soko la nyanya, na Mwenye Duka alikuwa mzee mfupi aliyening'iniza tepu shingoni hata kanisani. Aliletewa mtoto wa kupimiwa sare, akanigeukia. "Wewe usipime huyu," aliniambia. "Pima yule atakuja." Alimaanisha kwamba mtoto wa shule hashonewi alivyo, anashonewa atakavyokuwa baada ya miaka miwili. Pindo liachwe inchi tatu, kiuno kiongezwe mbili, mikono ifunike vidole. Mzazi akitoka dukani na mtoto aliyemezwa na sweta, basi ametoka ameridhika.

Niliifuata sheria hiyo miaka mingi, nikahama nayo hadi Murang'a nilipopandishwa kuwa mkataji, yaani yule anayekata vitambaa na kuwaachia wengine washone. Mkataji akikosea, hakuna cherehani ya kumwokoa. Mimi sikukosea, na nalisema bila aibu. Nusu ya watoto wa mji ule walikulia ndani ya nguo zangu.

Kisha nikaitwa Nyeri, kwenye shule ya baleti. Baleti, kwa nyinyi vijana mnaoiona kwenye simu tu, ni dansi ya kusimama kwenye ncha za vidole, na hadithi nzima husimuliwa kwa mwili bila neno hata moja. Wanafunzi walikuwa wakijiandaa kucheza tamthilia ya kale ya binti mfalme anayewakataa wachumba watatu, ile tuliyokaririshwa darasani bila kuielewa. Mwalimu Mkuu, mama mzaliwa wa Tetu aliyesomea dansi ng'ambo na ambaye mgongo wake haukuwahi kuegemea kiti, alinipa vizibao kumi na vinne nishone. Kizibao ni sehemu ya juu ya gauni au ya vazi la mchezaji, ile inayobana kifua na kiuno. Neno "inayobana" nililisikia vizuri. Mkono wangu ndio haukulisikia.

Siku nne kabla ya onyesho watoto wakavalishwa. Kila kizibao kilikuwa na nafasi ya kukua. Wale wachumba watatu walikuwa kama magunia ya viazi yaliyofungwa kamba katikati. Mwalimu Mkuu aliwazunguka mara moja, kisha akanijia.

"Fundi, hapa niko na watoto kumi na nne. Hizi nguo ni za watoto wangapi?"

"Ni za hao hao, Mwalimu. Mtoto anakua."

"Atakua kabla ya Jumamosi?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikachukua mkasi nianze kupunguza, na hapo ndipo wazazi waliowaleta watoto walipoingilia kati. Nguo walikuwa wamezigharamia wenyewe, na hakuna mama aliyetaka kitambaa kizuri kikatwe. Mmoja alisema ya mtoto wake itavaliwa Krismasi tatu, mwingine ati ana mdogo wake huko nyumbani Giakanja anayeingoja. Walinitetea kwa sauti moja na, nikisema kweli, nilifurahi kidogo. Mwalimu Mkuu akasalimu amri. Tukaafikiana nipige bandi, ile mishono mirefu ya muda inayoshikilia kitambaa kilichokunjwa ndani, kisha niifumue baada ya onyesho.

Bandi ingewatosha watoto kumi na watatu. Haingemtosha Nekesa.

Nekesa ndiye aliyekuwa binti mfalme. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto wa sajenti wa polisi aliyekuwa ameletwa Nyeri kutoka Bungoma. Mwisho wa mchezo mvulana mkubwa, asiye mmoja wa wale wachumba watatu, humshika kiunoni akamwinua mpaka begani, na hapo kila mtu anaelewa kwamba binti amejichagulia mwenyewe. Kitambaa kilichokunjwa huteleza chini ya mikono, uzi wa bandi hukatika, na mtoto huanguka. Mwalimu Mkuu akasema waziwazi kwamba kizibao hicho kikatwe na kushonwa kwa cherehani, la sivyo Nekesa hatainuliwa. Msichana alikuwa amefanya mazoezi ya kuinuliwa mwaka mzima. Alikaa chini akaanza kufungua riboni za viatu vyake, bila kumtazama mtu.

Mama Nekesa, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekikumbatia kile kizibao. Hakuwa mchoyo. Alikuwa amelelewa katika nyumba ya watoto tisa ambako nguo ilirithiwa mpaka ikaisha. Akanieleza kwa upole kwamba mtoto angeinuliwa mwaka ujao, kikishamkaa.

Sajenti akaingia na sare yake, ametoka zamu. Alisikiliza yote, kisha akatoa karatasi mfukoni na kumpa mkewe. Barua ya uhamisho ilikuwa imefika asubuhi hiyo. Jumatatu walitakiwa kuondoka kwenda kaskazini, mahali ambapo hakuna aliyewahi kusikia habari za baleti.

"Fundi, kata," alisema. "Mshonee ya Jumamosi. Hiyo mwaka ujao, sijui tutakuwa wapi."

Mama Nekesa aliisoma barua mara mbili. Kisha akanipa kizibao.

Nilimsimamisha Nekesa mbele yangu na kumvalisha. Nilimfuata mtoto mwili wake, pini baada ya pini. Alikuwa amejikaza asipumue, nikamwambia avute pumzi mpaka mwisho, kwa sababu mchezaji hupimwa kifua kikiwa kimejaa. Hilo Mwalimu Mkuu alikuwa amenifundisha asubuhi hiyohiyo, na sauti yake ilikuwa bado ina ukali.

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa. Mzee mmoja mbele yangu aliuliza mara mbili wataanza kuongea saa ngapi. Bandi ya mchumba wa pili ilikatika, akacheza hadi mwisho mkono mmoja ukiwa kiunoni, na watu wakampigia makofi wakidhani ndiyo majivuno ya mchumba. Kisha Nekesa akapanda juu. Ninaona haya kusema kwamba sikumtazama yeye, nilitazama mshono wangu. Haukusogea. Kelele za watu ndizo zilizoniambia kwamba alikuwa amekaa begani.

Niliishonea shule hiyo mpaka macho yalipodai miwani ya pili, na sasa nimestaafu, nafuga kuku wasiohitaji vipimo. Mwenye Duka wa Kagio bado namheshimu. Kwa sare alikuwa sahihi kabisa. Lakini vijana wanaokuja kuniuliza mambo ya ukataji nawaambia waulize kwanza nguo ni ya siku gani.

Wakitaka kujua sababu, nawapa maneno ya Mama Nekesa. Jioni ile ya onyesho alinifuata nyuma ya pazia, nami nikajiandaa kulaumiwa kwa vile vipande vya kitambaa vilivyobaki mezani. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Fundi, tangu shule ya nasari mimi namvalisha huyu mtoto nguo ya mwaka ujao," alisema. "Leo ndio nimemwona."