Utani wangu ulimnyima mtani wangu kadi ya mpakani

Nimekosa, jamani. Naanza na hilo kabla sijatafuta maneno ya kujitetea, maana najijua, nikianza kujitetea nitamaliza mkinionea huruma. Hakuna aliyenishikia bakora niseme niliyoyasema. Ni mdomo wangu mwenyewe, na nilikuwa nacheka!

Mimi ni mama lishe hapa Isaka, jirani na bandari kavu. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori yanayopeleka mizigo Rwanda, Burundi na Kongo. Mmoja wao nitamwita Salumu, ingawa si jina lake. Yeye ni Mzaramo, mimi Msukuma. Mnajua wenyewe makabila hayo mawili ni watani tangu kwa mababu, kwa hiyo siku ya kwanza tu alipoingia bandani kwangu tulianza kutukanana kama tuliozaliwa nyumba moja.

"Watumwa wangu, leo mmepika nini?" Ndiyo salamu yake hiyo, miaka yote.

"Tumepika ugali, baba. Lakini wewe uliyezoea kushibishwa na ngoma, utauweza?"

Basi banda zima hoi. Wengine walikuwa wanapitiliza mabanda mengine waje kula kwangu ili watusikilize. Na mimi, nisiwafiche, nilipenda kusikilizwa.

Sasa ukaja huu mpango wa kadi za wasafiri. Dereva au mfanyabiashara anayevuka mpaka mara kwa mara anaomba kadi, anachunguzwa, akikubaliwa anakuwa na dirisha lake pale mpakani. Anapita wakati wenzake wamelala chini ya malori wakisubiri. Maombi unajaza kwa simu yako, hayana shida. Shida ni usaili! Nafasi za usaili zinafunguliwa mtandaoni, na hujapepesa jicho zimekwisha.

Salumu alihangaika na zile nafasi mpaka nikamwonea huruma. Anakula huku kidole kiko kwenye simu. Ugali unapoa, sato anakauka, yeye anafungua na kufunga, anafungua na kufunga. Nikawa namwambia, "Mtumwa, huyo mchumba unayemchungulia kila saa hakutaki." Kumbe mwenzangu alikuwa anachungulia riziki yake. Tajiri wake alishasema kwamba mwaka ukiisha, njia ya magharibi ni ya wenye kadi tu, asiye nayo arudishe funguo.

Siku aliyoipata nilikuwepo. Mtu mmoja alikuwa ameahirisha usaili wake Mwanza, nafasi ikabaki wazi, Salumu akaidaka. Aliruka kwenye benchi bakuli la mchuzi likamwagika lote, akawa anazunguka banda anashika watu mikono. Kisha, kwa ile furaha yake, akapaza sauti: "Nikipata kadi naomba serikali imchukue na huyu Msukuma, ugali wake utandikwe barabara ya Isaka, lami haitapasuka tena!"

Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nami nikacheka. Lakini nilikosa jibu! Nilisimama na mwiko mkononi kama mjinga, na wiki nzima kila mteja akiingia ananiuliza, "Mama, leo lami ipo?" Kwa mtu anayejua utani, hilo ni deni. 

Siku ileile aliyoipata nafasi, wenzake walipotoka, Salumu alibaki nyuma. Hakunitania. Aliniita dada.

"Dada, wanataka majina ya watu wawili wanaonijua vizuri. Mmoja nimemweka mzee mwenye nyumba wangu. Wa pili ni wewe. Watakupigia simu. Nakuomba, kwa hilo moja tu, usinitanie."

"Nenda zako huko," nikamwambia. "Kwani mimi mtoto?"

Hayo ndiyo niliyojibu, na ninayakumbuka kila ninapokoroga uji asubuhi.

Simu ilikuja saa ya chakula cha mchana, banda limejaa. Mikono yangu ilikuwa na unga, nikabonyeza spika. Sauti ya dada mmoja, mpole, akajitambulisha na ofisi yake, akauliza kama namfahamu Salumu fulani, dereva, na kama ni mtu wa kuaminika.

Watu wakaacha kula. Wakanigeukia. Na wote walikuwa walewale walionicheka kwa habari ya lami!

Jamani, shetani hana pembe. Nilisikia jibu langu la wiki nzima linapanda lenyewe. Nikasema, "Salumu? Yule mwizi wa kuku tangu tumboni mwa mama yake? Mkimpa hiyo kadi mmekwisha! Atawavushia dhahabu yote ya Geita ndani ya tairi la akiba!"

Mayu wane, mama yangu, kicheko kilicholipuka! Watu walipiga meza. Mmoja alitoka nje kabisa akajishika kiuno.

Yule dada hakucheka. Akauliza, "Mama, una uhakika na unachosema?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu, natania, dada, huyu ni mtani wangu, ni mtu safi. Lakini watu walikuwa bado wananitazama.

"Uhakika? Mimi ndiye ninayemlisha, namjua mpaka anavyokoroma!"

"Maelezo haya nayaandika, mama."

"Andika, mwanangu, tena kwa wino mwekundu!"

Akanishukuru, akakata. Niligawa chakula cha watu huku natabasamu. Nikajiambia, Mtanzania gani asiyeujua utani? Atakuwa ameelewa. Nikajiambia hivyo mchana kutwa.

Salumu alikwenda Mwanza na shati alilopiga pasi mwenyewe, na aliporudi hakuwa yule niliyemzoea. "Dada, wale watu wameniuliza habari za dhahabu mpaka nimechoka. Dhahabu! Mimi nabeba ngano!" Alijaribu kucheka. Mimi nilikuwa nasonga ugali, nikaendelea kusonga ulipokwisha kuiva, ukashika chini ya sufuria, ukaungua.

Ile namba ya yule dada nilikuwa nayo kwenye simu. Nitapiga kesho, nikasema. Kesho nikaitafuta, nikabonyeza, ikaita, nikakata. Nilianza kuosha sufuria zilizo safi. Nilitoka nje, nikarudi ndani, nikasahau nilichofuata. Mtu akisema "dirisha" nashtuka. Niliogopa nini? Niliogopa kuonekana mpumbavu mbele ya mtu nisiyemjua, basi! Kwa ajili ya hofu hiyo nikaacha mwenzangu azame.

Jibu lilimjia Salumu kwa ujumbe wa simu. Maombi yamekataliwa, mdhamini mmoja hakuthibitisha uaminifu wa mwombaji.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo ubaya wangu ulipo hasa. Salumu alimshuku yule mzee mwenye nyumba. Walishawahi kutofautiana kidogo kwa habari ya maji ya kisima. Alikuja kukaa kwenye benchi langu, akaniambia, "Ni yule mzee, dada. Ameniua." Na mimi nikasema, "Binadamu wabaya." Nilisema hivyo! Nikamtilia na mboga ya ziada!

Alihama pale nyumbani bila kuaga. Yule mzee alipita kwangu, Msukuma mwenzangu, mtu wa kanisani, fimbo mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza, "Mayu, yule kijana nimemkosea nini? Mbona mimi nilimsifu?" Nilimpa chai, ikamwagika kwenye sahani.

Tajiri alichukua funguo. Salumu, kwa kukata tamaa, akaenda mwenyewe ofisini Mwanza kubembeleza. Huko ndiko walikomwambia aliyeharibu si mzee, ni yule mama lishe.

Alikuja asubuhi, sina mteja hata mmoja. Hakuita watumwa wake. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Ni wewe?"

"Mtani wangu, ilikuwa utani tu, wallahi..."

"Utani tunataniana mimi na wewe," alisema. "Yule dada alikuwa mtani wa nani?"

Nikaanza kulia. Akaningojea nimalize, kwa adabu, kama anavyongojewa mgeni.

"Mzee wa watu nimemtukana kwa ajili yako," akasema, kisha akaondoka. Nikasikia baadaye kwamba alipita kwanza kwa yule mzee kuomba radhi, halafu akapanda gari la kwenda Nyarugusu ya Geita. Huko anavuta viroba vya mawe kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu. Dereva mzuri vile! Nilimsingizia dhahabu, na sasa dhahabu ndiyo inayomchubua mikono.

Nikapiga ile namba, sasa wakati umeshapita. Yule dada alinikumbuka. "Mama, si nilikuuliza?" Hakunigombeza, ndiyo maana iliniuma zaidi. Akasema maelezo yangu mapya yatawekwa, lakini mwombaji aombe upya na asubiri nafasi ya usaili kama wengine. Nilimtumia Salumu ujumbe huo kwa dereva mmoja aliyekuwa anapita Geita. Jibu lilikuwa, "Mwambieni nimesikia."

Halafu mama yangu akafariki. Tulimzika kijijini, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Mnajua mtani anavyokuwa msibani. Anaingia na kelele, anavaa nguo za marehemu, anaigiza alivyokuwa akitembea, analala kaburini anasema hazikwi mtu mpaka apewe jogoo. Wafiwa wanacheka na machozi yakiwa usoni. Mama yangu, aliyezoea kuja kukaa nami bandani, alimpenda sana Salumu. Alikuwa akisema, "Huyo ndiye atakayenichimbia kaburi huku ananitukana."

Nikamwona anakuja njiani. Nikaacha kulia, nikasubiri kelele zake. Nilizitamani, jamani, nilitamani anitukane mimi na ukoo wangu mzima.

Alivua kofia. Akatoa rambirambi yake kwenye meza, akaandikisha jina, akanipa mkono. Mkono wote ulikuwa sugu.

"Pole sana, mama," akasema. Akakaa nyuma na watu wasiotujua, na kabla ya mazishi kwisha alikuwa ameondoka. Nilimzika mama yangu kimya, bila mtani, wakati mtani nilikuwa naye.

Tangu siku hiyo situlii. Nakaa, nasimama. Simu ikiita natoka nje kuipokea. Wateja wakinichokoza nawapa chakula chao tu, na wengi wamehamia banda la jirani.

Ninyi mnaosoma, hasa wenye midomo myepesi kama wangu, msije mkaninukuu kwamba utani ni mbaya. Utani ni mtamu, una wenyewe. Ila mtu akikuita dada kwa sauti ya chini, akakuomba jambo moja tu, lishike kama yai. Na ukilivunja, sema siku hiyohiyo, kabla halijamwangukia mzee asiye na kosa.

Na wewe, kama kuna mtu anakusomea haya huko maduarani, nafasi za usaili nazitazama kila siku kwenye simu yangu. Juzi niliona moja, Mwanza, ikapotea wakati natafuta mtu wa kukupigia. Ombeni upya, wewe na ukaidi wako wa Kizaramo. Ugali wangu ni mgumu kweli, mtani. Njoo uuseme mbele za watu.