Mapango ya Kentaki Niliyoyatoa Wundanyi

Siku ya kwanza kazini nilipewa aproni, ufunguo wa kabati la rangi na watoto ishirini na wawili wa miaka saba. Nilikuwa nimefundisha chekechea Wundanyi, kwetu Taita nchini Kenya, miaka kumi na minne, lakini pale Doha, katika shule ya mtaala wa Kimarekani, kibali changu kilisema msaidizi wa darasa. Msaidizi alichonga penseli, akapangusa makamasi na kusindikiza watoto msalani. Mwalimu wa darasa ndiye aliyeandika andalio la somo, yaani ile karatasi inayoeleza utafundisha nini, kwa zana gani, na utajuaje kama mtoto ameelewa. Mimi nililisoma kila asubuhi kabla hajafika. Hakuna aliyenituma, ni umbea wangu tu wa kikazi.

Kila darasa lilipewa jimbo moja la Marekani kulisoma muhula mzima, historia yake na vivutio vyake, kisha wazazi waliitwa kuona. Sisi tuliangukiwa na Kentaki. Sasa, kwa mtoto wa Doha, Kentaki ni kuku wa kukaanga. Ukimuuliza iko wapi, anakwambia iko Al Sadd, mama hupitia hapo akitoka dukani.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu. Katikati ya muhula, mwalimu wa darasa alienda kujifungua. Mkuu wa shule, mama wa Kimarekani asiyepoteza maneno, akaniita ofisini. Nishike darasa hadi siku ya wazazi, akasema, na kazi ikimridhisha atanibadilishia cheo niwe mwalimu kamili. Ninyi vijana huenda hamjui uzito wa jambo hilo. Msaidizi hakuruhusiwa kuja na mtoto wake, mwalimu aliruhusiwa. Binti yangu Mkawasi alikuwa na miaka minane, analelewa na mama yangu Wundanyi. Usiku ule furaha ilininyima usingizi.

Nilijitupa kazini mzimamzima. Jioni nilipanda basi kutoka Al Wukair, nilikokaa, hadi Al Sadd kuchapisha picha za rangi: farasi wa mbio, kibanda cha magogo alimozaliwa rais aliyekomesha utumwa, samaki wasio na macho wanaoishi kwenye mito ya chini ya ardhi. Mratibu wa masomo, Mlebanoni aliyekagua kila zana kabla haijaingia darasani, aliondoa picha moja tu, ya mapipa ya mbao. Nilidhani ni ya maji, kumbe ni ya pombe. Otieno, dereva wa basi la shule, alinicheka wiki nzima akiniita Madam Kentaki.

Kivutio kikubwa cha jimbo lile ni pango, refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Lakini utamwelezaje pango mtoto aliyezaliwa kwenye ghorofa, jangwani? Nikafanya tulivyozoea nyumbani, mwalimu asimulie mahali kama mwenyeji anayepokea wageni. Nikafunika meza kwa mashuka, nikazima taa, nikaongeza baridi ya kiyoyozi. Karibuni kwetu, nikawaambia, inameni, chungeni vichwa. Walitambaa kimya. Nikawasimulia habari za mtumwa aliyeongoza watalii humo akiwa na taa ya mafuta, akaja kuchora ramani ya njia zake zote kwa kumbukumbu tu.

Ningekomea hapo, ingekuwa salama. Lakini mtoto mmoja akauliza nani anakaa mle ndani sasa, nami nikajibu kama Mtaita: wazee wetu. Nikaeleza jinsi mafuvu ya wazee yanavyopangwa pangoni kwa heshima, na watu wanavyopita hapo kwa adabu. Sikutaja ni kwetu gani. Niliona macho yao yanavyong'aa gizani, nikanogewa.

Wiki iliyofuata mkuu aliniita tena. Aliketi na mama wa mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Kentaki hasa. Binti yake alikuwa amegoma kwenda likizo kwa nyanya yake, eti kule mababu wamepangwa mapangoni wakiwa mafuvu.

"Umewahi kufika Kentaki?" mkuu aliniuliza.

"Sijawahi."

"Basi yale mapango ni ya wapi?"

Nikasema ni ya Wundanyi. Mama yule alicheka kidogo, akataka nimweleze zaidi, hata sikuona hasira kwake. Mkuu hakucheka. Alisema polepole, "Msaidizi akikosea, mwalimu yupo wa kumrekebisha. Wewe ungerekebishwa na nani?"

Kesho yake niliketi na watoto, nikatenganisha Kentaki na Wundanyi, pango kwa pango. Yule binti alikubali kwenda kwa nyanya yake. Siku ya wazazi ilifana sana, mkuu akanipongeza mbele ya watu, na muhula uliofuata akaajiri mwalimu mwingine. Nikarudia penseli zangu. Nisiwafiche, nilimchukia yule mkuu muda mrefu. Siku hizi naona alikuwa sahihi, na bado inaniuma.

Mkawasi aliuliza kwenye simu atakuja lini. Nikamwambia mwakani. Nilisema mwakani kwa miaka tisa, halafu akaacha kuuliza.

Nilistaafu nikiwa msaidizi. Kwa walimu vijana nina neno moja: ukieleza jambo, taja limetoka wapi, hata kama somo litapoa kidogo. Mengine mtajifunza wenyewe.

Mkawasi alinipokea Voi, mwanamke mzima, akanipandisha hadi Wundanyi. Alichukua begi langu akatangulia, akinionyesha mji. Hapa, akasema, ndipo nilipofanyia mtihani wa mwisho. Soko lilihamia kule. Pale ndipo nyanya alipoangukia, tukambeba. Alisema taratibu, akigeuka kila mara kuona kama nimeelewa. Watoto wa watu niliwatembeza jimbo nisilolijua, na sasa wangu ananitembeza nyumbani.

"Uliza tu, mama," akaniambia. "Usione haya."

Nikamuuliza anapenda kula nini.